Joto, ukungu, harufu na masikio: kusoma dalili za hewa ndani ya ndege

Watu wengi hudhani ndege ikiwa angani imezibwa kama chupa ya soda. Haijazibwa hata kidogo. Ni debe lililotobolewa tundu makusudi, na juu yake bomba linamwaga maji bila kukoma. Bomba likizidi tundu, debe linajaa. Ukipanua tundu, kina kinashuka. Weka hewa mahali pa maji, umeshaelewa nusu ya kazi ya fundi wa hewa na presha ya ndege.

Debe hilo ndilo linalonisaidia kila ninapoletewa malalamiko. Najiuliza mambo matatu tu, kwa mpangilio huu. Hewa inaingia ya kutosha, na ina joto linalotakiwa? Inatoka kupitia tundu lake au inavujia kwingine? Na yule anayehesabu, yaani kompyuta inayofungua na kufunga tundu, anahesabu sawasawa? Karibu kila dalili iliyo hapa chini inaangukia kwenye swali mojawapo, isipokuwa zile ambazo si hitilafu kabisa. Na hizo ni nyingi kuliko abiria wanavyodhani.

Hewa inatoka wapi

Kwenye ndege nyingi za abiria, hewa unayopumua imepitia kwenye injini. Usishtuke. Injini ya jeti hukandamiza hewa kwanza, hatua kwa hatua, ndipo inaichanganya na mafuta. Sehemu ndogo huchotwa kabla haijafika kwenye moto. Kukandamizwa huko kunaipandisha joto sana, hivi kwamba hata baada ya kupozwa mara ya kwanza bado ina nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Kutoka hapo inakwenda kwenye mashine, kwa kawaida mbili, ambazo kwenye Boeing 737 na Airbus A320 ziko tumboni mwa ndege karibu na shina la mabawa. Mafundi tunaziita paki.

Paki hizi hazina gesi ya friji. Zinatumia kanuni anayoijua kila aliyewahi kushika pampu ya baiskeli: hewa ikikandamizwa inapata moto, ikiachiwa itanuke inapoa. Hewa inapita kwenye rejeta, inakandamizwa tena, inapita kwenye rejeta ya pili (zote mbili hupozwa na upepo wa nje), halafu inaachiwa itanuke huku ikizungusha tabaini, gurudumu dogo la mapanga linalokwenda makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Ikitoka hapo imekaribia kuganda. Inachanganywa na hewa iliyokwisha kuzunguka kabini na kuchujwa, karibu nusu kwa nusu, inashuka kutoka darini, inanyonywa kwenye vitundu vilivyo karibu na miguu yako, na mwishowe inatoka nje kwa vali kubwa iliyoko sehemu ya nyuma ya ndege, ambayo ndiyo tundu la debe letu. Hewa yote ya kabini hubadilika kila baada ya dakika 2 au 3. Basi la mkoani lenye madirisha yaliyofungwa halikaribii hapo.

Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, ina njia yake. Haichoti hewa ya kabini kwenye injini. Ina kompresa za umeme zinazovuta hewa ya nje moja kwa moja. Tutalihitaji jambo hili tukifika kwenye harufu.

Na kama umepanda Cessna Caravan kwenda Zanzibar au Serengeti, mengi ya hapa hayakuhusu. Ndege hiyo haijazwi presha, na masikio yako yanapanda na kushuka pamoja nayo, futi kwa futi.

"Ndani ni tanuri na hatujaondoka"

Chanzo cha kwanza cha kutazama ni kile kinacholisha paki wakati injini kubwa zimezimwa. Ndege nyingi zina injini ndogo mkiani, APU, inayotoa umeme na hewa. APU ikiwa mbovu ndege bado inaweza kuruhusiwa kuruka, ila ikiwa chini inategemea gari la hewa la uwanjani. Uwanja usipokuwa na gari hilo, abiria wanakaa na milango wazi hadi injini ziwashwe. ATR, ndege ya propela iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, haina APU ya namna hiyo: rubani huwasha injini ya kulia huku propela yake imefungwa breki, ikatoa umeme na hewa bila kuzungusha mapanga. Breki hiyo isipofanya kazi, mtajipepea kwa kadi za usalama.

Chanzo cha pili ni jua lenyewe. Kabini iliyoegeshwa mchana kutwa Dar es Salaam au Mombasa imelihifadhi joto kwenye viti, kwenye kuta na kwenye mizigo, na paki zikilishwa na APU zinahitaji muda kulitoa. Kushusha pazia za madirisha ya upande wa jua kunasaidia kuliko abiria wanavyoamini.

Ikiwa APU ni nzima, ndege imesimama kivulini, na bado upande mmoja unapoa huku mwingine ukichemka, hapo ndipo fundi anaingia. Linganisha joto la hewa inayotoka kwenye paki ya kushoto na ya kulia. Zikitofautiana, fungua na uangalie rejeta za paki iliyo dhaifu kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ndege zinazotua kwenye viwanja vya vumbi hukusanya udongo, nyuzi na mabawa ya wadudu kwenye rejeta hizo mpaka upepo haupiti. Nimeona watu wakibadilisha vali, kisha sensa (kifaa kinachohisi joto), kisha kompyuta, halafu tabaini nzima, kumbe rejeta ilikuwa imejaa vumbi jekundu kama ya trekta. Ugonjwa wa kubadilisha masanduku unawapata mafundi wengi, na dawa yake ni tochi.

"Hewa imekata ghafla"

Ikikata dakika chache kabla ya kuondoka kisha ikarudi, hakuna ubovu. Kuwasha injini kubwa kunahitaji hewa nyingi ya kuizungusha, kwa hiyo paki huzimwa kwa muda ili hewa yote iende huko. Ukimya ule unaowatia watu wasiwasi ni huo. Katika viwanja vya juu na vya joto rubani anaweza pia kuruka paki zikiwa zimezimwa, injini zibaki na nguvu zao zote, kisha akaziwasha ndege ikishapanda.

Hewa inayofifia taratibu muda wote ndege inaporuka chini kwenye unyevu, halafu ikarudi kwa nguvu, na kufifia tena, hiyo ni habari nyingine. Ni barafu. Hewa inapotanuka kwenye tabaini unyevu wake unakuwa maji, na joto likishuka chini ya sifuri maji hayo yanaganda na kuziba njia. Kuna vali inayochanganya hewa moto kidogo kuzuia jambo hilo, na sensa inayoiamuru. Anza na sensa, kisha vali. Kwenye paki za muundo wa zamani angalia pia mfuko wa kitambaa unaokusanya matone. Ukichafuka, maji hayanaswi.

"Moshi! Moshi juu ya madirisha!"

Siku moja kwenye uwanja wa pwani, abiria alishakanyaga kiti akitaka mlango wa dharura ufunguliwe. Alichokiona ni ukungu. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Ikikutana na hewa ya paki yenye baridi kali, unyevu unageuka mvuke mweupe uleule unaouona ukifungua friza siku ya joto.

Kutofautisha ni rahisi ukitulia sekunde tano. Ukungu ni baridi ukiuwekea mkono, hauna harufu, na unapotea sentimita chache baada ya kutoka kwenye tundu. Moshi haupotei, unakaa, unapanda darini, unawasha macho na koo, na una harufu. Wahudumu wanaweza kuumaliza ukungu kwa kumwomba rubani apandishe joto la kabini kidogo.

Matone ya maji yanayokudondokea kichwani ni ndugu wa ukungu. Aghalabu ni unyevu uliogandia kwenye ngozi baridi ya ndege nyuma ya dari, ukayeyuka ndege ilipoanza kushuka kwenye hewa ya joto. Maji yakitemwa moja kwa moja na tundu la hewa, au vipande vidogo vya barafu vikirushwa, rudi kwenye sehemu ya paki inayotenga maji.

Harufu

Hapa pana utajiri wa dalili, na pua ni kipimo kizuri mradi ukumbuke harufu ilianza lini.

Harufu ya mafuta ya taa mkiwa kwenye foleni ya kuruka: injini yenu inavuta moshi wa ndege iliyo mbele. Ikiisha baada ya kupaa, isahau.

Harufu ya soksi chafu, au ya nguo zilizokaa majini, hasa paki zinapowashwa mara ya kwanza asubuhi au nguvu ya injini inapobadilishwa: mshuku oili. Sili ya shafti, yaani kizuizi cha oili kwenye mhimili unaozunguka, kwenye injini au APU imechoka, au mtu amejaza oili kupita alama, na kiasi kidogo kimeingia kwenye hewa inayochotwa. Fundi hutenganisha chanzo kwa kuzima na kuwasha kimoja kimoja: APU peke yake, injini ya kushoto peke yake, ya kulia peke yake. Kikipatikana na kurekebishwa, mabomba na paki vilivyolowa hupitishiwa hewa moto kwa muda ili mabaki yaungue, la sivyo harufu itawarudia abiria wengine kesho na fundi ataambiwa hakufanya kazi. Usiidharau harufu hii ikifuatana na kichwa kuuma au kizunguzungu kwa marubani. Barakoa za oksijeni za chumba chao zipo kwa ajili ya mambo kama hayo. Kwenye 787 oili ya injini haina njia hiyo ya kuingia kabini, kwa hiyo harufu ikitokea huko itafute kwingine.

Harufu ya nyama iliyoungua mara tu baada ya kupaa, na jiko la ndege halijawashwa: ndege mwenye manyoya amepita kwenye injini. Viwanja vilivyo kando ya Ziwa Victoria vina ndege wakubwa wa kutosha, na rubani atataka kusikia kutoka kwa fundi kabla ya safari inayofuata.

Harufu ya plastiki au waya unaoungua haina subira. Mara nyingine ni feni ya kuzungushia hewa iliyokwama beringi, na rubani akiizima inapotea. Lakini yeyote anayeisikia amwambie mhudumu papo hapo, asisubiri kuona kama mwenzake naye ameisikia.

Swali ninaloulizwa sana: si kuna chujio za HEPA? Zipo kwenye ndege nyingi, na zinanasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3. Ila harufu ni gesi, inapenya. Chujio hizo zinakulinda na kikohozi cha jirani, soksi zake hazizihusu.

Masikio

Kisheria kabini ya ndege ya abiria haitakiwi kupita kimo cha futi 8,000 katika hali ya kawaida, yaani hewa yake isiwe nyepesi kuliko ya mlimani kwenye kimo hicho, hata ndege yenyewe ikiwa futi 37,000. Futi 8,000 ni mita 2,400 hivi. Boeing 787 na Airbus A350 hushikilia futi 6,000. Jomo Kenyatta, Nairobi, uko mita 1,624 juu ya bahari. Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300. Kwa hiyo aliyeondoka Addis kabini yake inapanda kidogo sana, karibu yuko kwao.

Sikio haliumii kwa kupanda kwa sababu hewa iliyo ndani yake hutoka yenyewe. Shida ni kushuka: kimrija kinachounganisha sikio na koo kinabanwa, hewa inakataa kurudi. Ndiyo maana safari ya Nairobi kwenda Mombasa inauma na ya kurudi haiumi. Ukienda pwani, kabini lazima ishuke mita 1,600 au zaidi ndani ya muda mfupi. Ukirudi, karibu safari yote kabini inapanda. Meza mate, tafuna, piga miayo, au bana pua na upulize polepole. Mtoto anyonyeshwe wakati wa kushuka, asiachwe alale. Mwenye mafua makali aahirishe safari kama anaweza.

Hayo ni ya mtu mmoja. Kabini nzima ikilalamika, na hasa wakisema masikio yanapigapiga kama mtu anafungua na kufunga mlango, basi yule anayehesabu ana matatizo, au vali ya kutolea hewa inakwama kisha inaruka. Hapa kuna ujanja mmoja ninaoupenda. Boeing 737 za kisasa na A320 zina kompyuta mbili za presha zinazopokezana: moja inaongoza safari hii, nyingine safari ijayo. Ukisoma kitabu cha hitilafu ukakuta malalamiko yanaruka safari moja moja, kompyuta mojawapo ndiyo mgonjwa. Yakija kila safari, acha kompyuta, nenda kwenye vali.

Ukitaka kuona presha kwa macho yako, funga chupa tupu ya maji mkiwa juu kabisa. Mkitua itakuwa imebonyea. Mwenye simu yenye barometa atasoma takriban hektopaskali 750 kabini ikiwa futi 8,000, dhidi ya 1,013 ufukweni.

Filimbi mlangoni

Mlango unaopiga filimbi huwanyima watu usingizi, ingawa kwa kawaida ni mpira wake tu uliochanika, kukauka au kukunjika. Mlango wenyewe hauendi popote. Milango mingi ya abiria imeundwa kama kizibo kinachosukumwa kwenye fremu yake na presha ya ndani, na tofauti ya presha mkiwa juu ni kama pauni 8 kwa kila inchi ya mraba. Ni kidogo, robo ya tairi la gari dogo, lakini zidisha kwa eneo la mlango mzima upate zaidi ya tani 8. Hakuna mlevi wa kuufungua.

Fundi huijaza ndege presha ikiwa chini, milango imefungwa, kisha anapima inachukua muda gani kushuka. Ikishuka haraka kuliko kitabu kinavyoruhusu, anazunguka nje akisikiliza na kupaka maji ya sabuni, kama fundi wa pancha. Wazee wetu wa kazi walikuwa na njia rahisi zaidi enzi za kuvuta sigara ndani ya ndege: waliangalia alama za kahawia za nikotini zilizochora mstari nje ya bodi. Penye mstari, pana uvujaji.

Paki imejizima

Taa inawaka, paki moja imejizima kwa joto. Rubani akisubiri ipoe na kuiwasha tena, mara nyingi inarudi, na paki moja kwa kawaida inatosha kushikilia presha, ingawa ndege nyingine italazimika kuruka chini zaidi. Chini, mpangilio wa kutafuta ni uleule: rejeta chafu, kisha mlango wa upepo wa nje uliokwama, kisha beringi za tabaini (utazisikia zikiunguruma), kisha sensa inayodanganya.

Kabini inapanda

Hii ndiyo dalili isiyongojwa. Kwenye 737, kabini ikifika futi 10,000 honi inalia kwa marubani. Ikikaribia 14,000 barakoa zinadondoka. Ndege za propela zisizopita futi 25,000 mara nyingi hazina barakoa za kudondoka kwa abiria wote, kwa kuwa hazina mbali pa kushuka.

Vuta barakoa kwa nguvu hadi usoni, maana kwenye ndege nyingi kuvuta huko ndiko kunakowasha kifaa cha kemikali kinachotengeneza oksijeni. Mfuko usipojaa si hitilafu. Harufu ya kitu kuungua pia ni ya kawaida, kifaa hicho kinapata moto sana. Kinadumu dakika 12 au zaidi, na rubani anazihitaji chache tu kushuka hadi futi 10,000. Vaa yako kwanza: kwenye futi 35,000 mtu asiye na oksijeni ana sekunde 30 hadi 60 za akili timamu, na hatajua zinapoisha. Atajisikia vizuri tu.

Kwa fundi, kabini isiyojaa inarudi kwenye maswali matatu. Paki zote zinatoa hewa? Mlango unavuja? Vali imefunga? Lakini kuna swali la nne, nalo ni la swichi.

Tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737-300 ya shirika la Helios ilikuwa imelala Larnaca, Cyprus, ikiwa na malalamiko ya mlango wa huduma wa nyuma. Jaribio la kuvuja likafanywa, na ili lifanyike, swichi ya presha iliwekwa kwenye kuendeshwa kwa mkono badala ya otomatiki. Ikabaki hapo. Marubani hawakuigundua katika ukaguzi wao, ndege ikapaa na vali ya nyuma haikufungwa ipasavyo. Honi ilipolia njiani kupanda, waliidhania ni ile ya kuonya kwamba ndege haijapangwa sawa kwa kuruka, kwa sababu mlio ni uleule. Ndege ilipanda yenyewe hadi futi 34,000 na kuendelea kuelekea Athens mpaka mafuta yakaisha. Watu 121 walikufa wote.

Baadaye 737 ziliwekewa taa mbili zenye maandishi tofauti, moja ya kimo cha kabini na nyingine ya mpangilio wa kuruka. Swichi bado iko palepale, juu ya kichwa cha rubani msaidizi. Ukimaliza jaribio la kuvuja, kabla ya kusaini, irudishe otomatiki, isome kwa sauti, na mtu wa pili aitazame.